Kidole Gumba cha Karani

4 Februari

Kwa Radi,

Salamu nyingi. Sijui kama bado unaitikia jina hilo la jukwaani, lakini jina lako halisi liko kwenye karatasi za serikali, na mimi sikuandikii kwa niaba ya serikali. Mimi ni Mkasi. Yule mhariri mwembamba aliyekuwa akikaa chumba cha nyuma, vipande vya filamu vikimning'inia shingoni, mlipomaliza kupiga ile picha ya karani wa stesheni miaka thelathini na minne iliyopita. Wembamba umeshakwenda zake.

Nimebaki peke yangu kwenye ghala la filamu. Tulikuwa kumi na mmoja. Jengo linachukuliwa mwisho wa Mei, na makopo yote yaliyomo, elfu moja mia mbili na kitu, yatakwenda kuyeyushwa, isipokuwa filamu sita zitakazohamishiwa kwenye mitambo mipya. Sita tu. Kamati imechagua tano. Ya sita wameniachia mimi, nadhani kwa kunihurumia. Nimechagua ya kwako.

Najua utacheka. Watu wakisikia jina lako wanakumbuka gitaa jekundu, suruali ya kubana na ule ukelele wako uliowatoa wazee barazani. Hakuna anayekumbuka kwamba uliwahi kuvaa koti la karani, ukakaa nyuma ya kaunta ya vitu vilivyosahauliwa kwenye treni, na kwa muda wote wa filamu usiimbe hata mstari mmoja. Mimi nakumbuka kwa sababu niliikata kwa mikono hii. Juzi nimeitazama tena, harufu ya siki ikinipanda puani, maana filamu zikizeeka hunuka siki. Pale mjane anapokuja kudai mwavuli wa marehemu mumewe, nililazimika kusimamisha mashine nipumue. Nimewaona waigizaji wengi, wa kusomea na wa kubahatisha. Sijaona mtu anayesikiliza vile.

Shida ni moja. Mwongozaji alipofariki aliiacha filamu ile kwa jina lako. Bila saini yako kamati haiigusi. Nimepiga simu mara tatu. Dada yako anapokea, ananiambia subiri, nasikia kiti kinasogezwa, nasikia na kikohozi chako, halafu anarudi yeye: "Anasema andika." Haya, nimeandika. Fomu imo humu. Tia saini tu, hata salamu usirudishe.

Mkasi


17 Februari

Dada Mkasi,

Barua yako imefika, na fomu pia. Nimeikunja nikaiweka chini ya mguu wa meza ya dada yangu. Meza sasa haiyumbi, kwa hiyo usiseme umepoteza karatasi bure.

Iache iyeyushwe. Umesahau gazeti lilivyoandika? Kwamba kwenye filamu ile kaunta imeigiza vizuri kuliko karani. Nyundo alilikata lile gazeti akalibandika mbele ya dramu yake kubwa, tukazunguka nalo kila mji mwezi mzima. Wakati ule mimi na Nyundo bado tulikuwa tunataniana. Na mwongozaji, Mungu amrehemu, alikuwa akiniita Abiria, eti nikiulizwa kitu nakaa kama mtu anayesubiri usafiri. "Abiria, amka!" Mbele ya watu wote, miezi miwili. Nilivumilia kwa sababu zangu.

Sasa hivi naishi juu ya duka la dada, yeye anashona nguo, mimi natengeneza cherehani. Naweka kiganja juu ya mashine, yeye anakanyaga, na kiganja kinaniambia skrubu ipi imelegea. Kazi nzuri, haina makofi wala mizomeo. Gitaa liko juu ya kabati, limevishwa fulana lisipate vumbi.

Nimechoka, dada. Siyo uchovu wa kulala ukaamka umepona. Sina nguvu ya kukaa kwenye kiti nionyeshwe tena nilivyokuwa mbovu.

Simu sizipendi, ndivyo nilivyo. Usinune.

Radi


24 Februari

Kaka Radi,

Sinuni, nimezeeka mno kwa kazi hiyo. Lakini kwa kuwa umemtaja Abiria, kuna jambo nimekaa nalo rohoni miaka yote hii na itabidi nilitapike.

Ule ubovu ni wangu. Ulikuwa ukikaa kimya kabla ya kujibu: sekunde tano, sekunde saba. Kwa mjane wa mwavuli ulikaa sekunde kumi na moja nzima unamtazama. Mwongozaji akasimama nyuma yangu na sigara yake: "Kata hapo, watu watasinzia." Nikakata. Kumi na moja zikawa mbili. Ukabaki mtu wa kuropoka, anayejibu kabla hajaulizwa sawasawa. Gazeti lilimtukana karani niliyemtengeneza mimi, siyo yule uliyemwigiza wewe. Nililisoma, nikajua, nikanyamaza.

Ila vipande sikuvitupa. Nilivitia kwenye kopo nikaandika juu yake "kimya cha Radi". Wiki hii nimevirudisha vyote mahali pake, kimoja kimoja, nikiwa nimevaa miwani juu ya miwani. Filamu imerefuka dakika sita na imekuwa filamu nyingine kabisa.

Na nimeona kitu ambacho wakati ule sikukiona. Kidole gumba chako cha kulia. Mjane anaposimulia, kidole kinagonga juu ya kaunta, taratibu, bila sauti. Anaeleza mwavuli ulivyo, mpini wa mti, ubavu mmoja umevunjika, aliununua wakati wa mvua fulani, na kidole kinakwenda tu. Akinyamaza, kinasimama. Unamtazama, unamtazama, ndipo unasema, "Ni huu?" Karani yule ameshasikia hadithi za mtindo huo mia. Kidole kinatuambia amechoka, na uso unatuambia huyu mmoja hajamchosha. Nani alikufundisha? Nimeandika kurasa mbili juu ya kidole hicho, nitazisoma siku ya kuonyesha filamu. Nakala imo humu. Zisome ujue kwamba mtu alikuona, hata kama kwa kuchelewa.

Nimeweka na fomu nyingine. Ile ya kwanza iache ishike meza.

Mkasi


19 Machi

Radi,

Wiki tatu na ushee, hata neno. Nimepiga simu tena. Dada yako anasema ulizisoma zile kurasa, ukazikunja, ukateremka dukani ukafungua cherehani ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

Sijui nimekukosea nini. Mtu akimsifu mwenzake kwa moyo wote anategemea japo ahsante.

Nimemtafuta mpaka Nyundo, nikidhani mpiga dramu wako atakushawishi. Siku hizi anatengeneza milango. Nilipotaja jina lako aliendelea kupiga randa mpaka nikadhani ubao utaisha. Kisha akasema: "Huyo? Alivimba kichwa alipoingia kwenye sinema. Nilimuuliza jambo moja ndani ya gari, tukiwa safarini. Jambo la maana. Akageuza uso akaangalia dirishani, kama vile amesemeshwa na inzi. Miaka thelathini na mitatu sasa, na jibu sijapata." Nikamuuliza jambo lenyewe ni lipi. Akaniambia nisimpotezee muda, ana kazi.

Nilikutetea. Leo hata sijui kwa nini. Kamati inafunga orodha tarehe 20 Aprili. Kama hutaki, niandikie neno moja, "sitaki", nikachukue filamu nyingine; ipo ya mafunzo ya ufugaji wa kuku ambayo haina mwenyewe. Lakini nyodo ziwe na kiasi, kaka.

Mkasi


28 Machi

Dada Mkasi,

Sina nyodo. Mimi ni kiziwi.

Haya, nimeliandika na kalamu haijavunjika. Anayejua ni dada yangu tu, na daktari mmoja aliyekwisha kufa. Sikio la kushoto lilizima mwaka mmoja kabla ya ile filamu, kwa sababu spika kubwa zilikuwa upande huo, na la kulia lilikuwa njiani kulifuata. Daktari akaniambia nikae mbali na kelele angalau miezi miwili. Wiki hiyo hiyo mwongozaji akaja na koti lake la karani. Bendi nikawaambia nataka kuwa nyota wa sinema. Mwimbaji wa roki asiyesikia, nani angempandisha jukwaani? Niliona bora waniite mwenye maringo kuliko wanionee huruma. Nikaamua kufa na tai shingoni.

Sasa tuje kwenye hicho kidole chako. Yule mama aliyeigiza mjane alikuwa na sauti ndogo. Sikumsikia hata neno moja. Maneno yake niliyajua kwa kuyasoma kwenye karatasi, na kwenye mazoezi niliona kwamba kila akiyasema yanachukua muda ule ule, hazidishi wala hapunguzi. Basi nikayahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, mara kumi na mbili. Kidole hakikuwa kimechoka, kilikuwa kinahesabu. Zikiisha nasubiri kidogo nihakikishe mdomo wake umefunga kweli, ndipo naongea. Hizo sekunde zako kumi na moja ni za mtu anayeogopa kumkatiza mwenzake.

Kwa hiyo umejaza kurasa mbili kumsifu kiziwi kwa jinsi anavyosikiliza. Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Nikuambie ukweli, baada ya barua yako ya pili nilikuwa nimeanza kuamini. Nilisimama mbele ya kile kioo kirefu cha dada, wanachojitazamia wateja, nikavuta uso wa karani. Babu mzima wa miaka sitini na sita, nimebana midomo mbele ya kioo. Ndiyo maana zile kurasa ziliniuma.

Hilo la Nyundo ni geni kwangu. Alikaa kushoto kwangu garini. Ninachokumbuka ni kwamba niligeuka nikakuta uso wake umebadilika, sikujua kwa nini, na siku hiyo nilikuwa nimeshawauliza watu "umesemaje?" mpaka wamenichoka, nikaona haya kuuliza tena. Wiki iliyofuata bendi ikavunjika. Nilidhani ameondoka kwa kupenda kwake. Hadi leo sijui aliniuliza nini.

Fomu sijatia saini. Niambie kwanza wewe mwenye macho ya kazi hiyo: ulichokiona pale ni uigizaji au ni uziwi? Kama ni uziwi, iyeyushwe tu, na sitanuna. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Radi


5 Aprili

Kaka yangu,

Nisamehe kwa lile neno la nyodo. Barua yako niliisoma nimesimama, na nilipomaliza nikaendelea kusimama. Nimempigia kiziwi simu mara nne, halafu nikanuna mimi.

Umetaka ukweli. Ukweli ni kwamba sijui. Nimeitazama sehemu ya mwavuli mara sita. Nimezima sauti. Nimefunika kidole kwa kipande cha karatasi. Safari hii namwona mtu anayeogopa kukosea, safari ile namwona karani. Nimefanya kazi hii miaka arobaini na siwezi kukuapia. Kumtambua mtu anayehesabu tu, na anayehesabu huku moyo wake uko kwenye jambo lingine, mimi sikufundishwa. Anayeyajua hayo ni mpiga dramu.

Zile kurasa mbili nimezichana. Siri yako haitatoka kwangu. Lakini mkono wa kutia saini ni wako, na tarehe ishirini haisogei. Na mimi nimechoka, Radi. Jana nimebeba makopo sitini mpaka kwenye lori, mengine nikiijua kila picha iliyomo ndani, na dereva akaniuliza kama ni rangi za nyumba. Magoti yanauma hadi sasa. Nataka niokoe moja.

Mkasi


14 Aprili

Dada Mkasi,

Nimetia saini ile fomu ya kwanza, ya chini ya meza. Ina alama ya mguu katikati, kamati itavumilia. Meza imerudi kuyumba na dada analalamika kwamba mshono unakwenda upande.

Mwalike Nyundo. Usimweleze kitu, na kidole usikitaje kabisa. Akitaka kusinzia, asinzie. Akitaka kutoka katikati, mlango ni wake. Ukimaliza kuonyesha, muulize hilo la kuhesabu, ila usimwambie ni kwa nini unauliza. Na jibu lake, hata likiwa baya, uniandikie kama lilivyo.

Mimi nitakuja. Nitakaa nyuma kabisa.

Radi


3 Mei

We mzee,

Anwani yako nimepewa na Mkasi. Alikuja karakana na mwaliko, nikamwambia nina milango saba ya kumalizia. Akakalia ubao niliotaka kuupasua, akatulia hapo mpaka nikasema ndiyo.

Jana saa tisa alasiri tulikuwa watu kumi na tisa kwenye kile kiukumbi chao. Niliwahesabu, unanijua. Mkasi akasimama akaeleza alivyokukata zamani na alivyokurudisha, akakaa. Mimi nilikaa mbele kwa sababu ya macho. Na nisikufiche, nilikwenda nikuone unavyoharibu, nifurahi. Nilikuwa na hamu hiyo muda mrefu.

Mjane akaingia na habari zake za mwavuli. Nikaona kidole.

Sikuhitaji kuambiwa na mtu. Ule mwendo ni wangu. Ndio niliokuwa nikikugongea kwa vijiti kabla ya wimbo wa kwanza, kila onyesho, miaka tisa. Nikaanza kuhesabu na wewe, kiganja juu ya goti. Hesabu ikaisha, mama naye akanyamaza pale pale. Nikasema moyoni, huyu hamsikii. Halafu mengine yakaja yenyewe. Ulivyokuwa ukirudi nyuma jukwaani kusimama karibu na dramu yangu, unyayo mmoja umeukandamiza kwenye mbao, nami nikidhani unaniziba makusudi watu wasinione. Ulikuwa unanitafuta kwa mguu. Nikakumbuka na gari. Nilikuwa nimekaa upande gani? Kushoto.

Taa zilipowaka niligeuka kukutafuta, maana wakati wa kuingia nilikuona nyuma nikajifanya sikukuona; kiti cha nyuma kabisa kilikuwa kitupu. Nikamfuata Mkasi, nikamuuliza, "Huyu alikuwa hasikii?" Akaanza kufuta miwani iliyokuwa safi. Nikaelewa.

Nilirudi nyumbani na hasira. Miaka thelathini na mitatu nimemnunia mtu ambaye hata hajui amenuniwa kwa lipi. Ungesema, we mjinga! Ungeniambia mimi peke yangu. Ningegonga kwa nguvu zaidi, basi.

Mkasi aliniuliza jambo moja, akijifanya ni maongezi tu: kama karani yule anahesabu au anaigiza. Ameniambia jibu nikuandikie mwenyewe. Sasa soma vizuri. Mimi nimeishi na watu wanaohesabu. Mtu akihesabu uso unamkauka, macho yanarudi ndani, midomo inamcheza. Wapiga besi wote wako hivyo. Wewe kidole kilihesabu, uso haukuhesabu. Uso ulikuwa kwa yule mama na mwavuli wake. Na hesabu ilipoisha kidole kikasimama, na bado ukakaa mapigo ishirini na mawili. Mapigo mawili yangetosha kuona mdomo wake umefunga. Yale ishirini hayakuwa ya sikio. Hakuna aliyekulazimisha kuyakaa. Yale ulikuwa karani, na mimi nililia mbele ya watu kumi na wanane, wengi nisiowajua.

Nakuja kwenye lile swali. Siku ile garini nilikuambia hivi: "Hawa wanataka kuvunja bendi. Mimi na wewe tutabaki?" Ndilo hilo tu. Ukaangalia dirishani, nikajua hutaki, nikashuka mji uliofuata.

Nimeliandika ili safari hii likufikie. Nusu ya chini ya karatasi hii nimeiacha wazi. Jibu humo humo unirudishie. Na usikimbilie, kaa nalo hata mwezi. Hakuna atakayekukata.

Nyundo